Mali ya Yatima: Juu ya Tuzo za Vitabu vya Watoto

Wazee wetu walikuwa na namna yao ya kumpima mtu. Hawakumtazama jinsi anavyotumia mali yake mwenyewe, maana mali yake ni yake, na akiipoteza atalala njaa yeye. Walimtazama jinsi anavyoshika mali ya yatima. Ng'ombe wa yatima hana mwenyewe wa kumwuliza mchungaji, "Ndama yuko wapi?" Mtoto bado ni mdogo, hajui kuhesabu, na siku atakapojua, pengine zizi limekwisha kuwa tupu. Basi yule aliyekabidhiwa mifugo ya yatima akaitunza hata ikazaa na kuongezeka, ndiye aliyeitwa mwaminifu, wala hakuhitaji kupimwa kwa jambo jingine.

Mfano huu hunijia kila mara nifikiripo juu ya tuzo zinazotolewa mwaka hata mwaka kwa vitabu vya watoto na vijana. Zilizo mashuhuri kupita zote ni zile za Marekani, zinazotangazwa mwezi wa Januari na Chama cha Maktaba cha nchi ile. Tarehe 27 Januari 2025, katika mji wa Phoenix, Nishani ya Newbery ilikwenda kwa Erin Entrada Kelly kwa kitabu chake The First State of Being, hadithi ya kijana wa miaka 12 anayeishi mwaka 1999 akiogopa kwamba dunia itaharibika mwaka 2000 utakapoingia. Nishani ya Caldecott, ambayo ni ya picha, ilikwenda kwa Rebecca Lee Kunz, aliyechora Chooch Helped, hadithi ya ndugu wawili wa kabila la Wacherokee iliyoandikwa na Andrea L. Rogers. Tuzo ya Printz, ambayo ni ya vitabu vya vijana, ikaangukia Brownstone, kazi ya Samuel Teer na mchoraji Mar Julia. Mara muhuri ukabandikwa juu ya majalada, maktaba zikaagiza nakala, na wazazi wakajua cha kununua.

Hakuna ubaya katika hayo. Lakini tazama ajabu yake. Aliyekiandika kitabu ni mtu mzima. Aliyekichapa ni mtu mzima. Aliyekiuza, aliyekihukumu na aliyekinunua, wote ni watu wazima. Msomaji peke yake ndiye mtoto, na hana kura. Katika karamu zote tuzijuazo, mwenye kula ndiye asemaye kama mchuzi una chumvi. Katika karamu hii wapishi huonja, wapishi husifiana, kisha mtoto huletewa sahani na kuambiwa, "Kula, ni kitamu." Yafaa basi tujiulize: kwa haki gani mtu mzima humchagulia mtoto yale yatakayoingia katika roho yake? Na akisha kumchagulia, hesabu ataitoa kwa nani?

Wako watakaojibu upesi kwamba watoto wachague wenyewe. Jambo hilo limekwisha kujaribiwa. Tangu mwaka 1940, katika majimbo ya kaskazini-magharibi ya Marekani, iko tuzo ambayo wapiga kura wake ni watoto, na majimbo mengine yamefuata mfano huo. Si mchezo wa kudharauliwa. Mtoto ana ulimi, na mara nyingi huonja uongo katika hadithi kabla ya baba yake. Hata hivyo kila mama ajua kwamba mtoto akiwekewa muwa na ugali, leo atashika muwa, na kesho pia. Tena mtoto hawezi kuchagua kitu asichojua kuwa kipo. Ni lazima mtu aliyetangulia njiani ageuke nyuma na kusema, "Huku kuna chemchemi." Hiyo ndiyo haki ya mtu mzima, nayo ni haki ya mdhamini; si haki ya mwenye mali. Mdhamini hutumia akili yake yote, lakini hawezi kusema, "Nimefanya hivi kwa sababu napenda."

Mtu ambaye nishani ile imepewa jina lake aliliona jambo hili kwa jicho la mfanyabiashara. John Newbery alikuwa mwuza vitabu wa London katika karne ya 18, naye aliuza na dawa za homa pia. Mwaka 1744 alitoa kijitabu cha watoto, A Little Pretty Pocket-Book, na pamoja nacho aliuza mpira kwa mvulana na kifuko cha kuchomekea pini kwa msichana. Vitu hivyo vilikuwa na pande mbili, upande mmoja mwekundu na mwingine mweusi. Mtoto akitenda jema, pini ilichomekwa upande mwekundu. Akitenda ovu, ilichomekwa upande mweusi. Shabaha ya Newbery ilikuwa kumfundisha mtoto kwa kumfurahisha, na kwa hilo tunamshukuru hata leo. Walakini pini zile zanifanya nifikiri. Aliyezichomeka alikuwa nani, kama si mzazi? Na je, alikuwako mtoto yeyote aliyepewa pini na kuruhusiwa kumchomekea mzazi wake?

Nishani yenyewe ilikuja baadaye sana. Mwaka 1921 Frederic Melcher, mtu wa shughuli za vitabu, aliwapa shauri wakutubi wa Marekani, na mwaka 1922 ikatolewa kwa mara ya kwanza, kwa Hendrik Willem van Loon na kitabu chake cha historia ya wanadamu. Siku hizi baraza la waamuzi 15 husoma vitabu vya mwaka mzima, kisha hujifungia na kushauriana kwa siri. Katika masharti yake liko neno moja ambalo wazazi wengi hawalijui, nalo lastahili kufikiriwa sana: nishani haitolewi kwa sababu kitabu kinafunza maadili, wala kwa sababu kinapendwa na wengi. Hutolewa kwa ubora wa kazi ya mwandishi, kwa kadiri anavyowaheshimu watoto kama wasomaji.

Mzazi Mkristo akisikia hivyo aweza kushtuka. Je, sisi hatuwapi watoto vitabu ili wapate mafunzo? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sasa wakutubi hawa watuambia kwamba mafunzo si kitu?

Ndugu msomaji, tusiwe wepesi kukasirika. Kumfunza mtoto ni wajibu, lakini kumdanganya ili apate kufunzwa si wajibu wa mtu yeyote. Twazijua hadithi ambazo mtoto mwema hupata zawadi kabla jua halijatua, na mtoto mwovu huvunjika mguu papo hapo. Mtoto huzisoma, kisha hutoka nje akaona kwamba mwizi wa kijiji ana baiskeli mpya na mjane mcha Mungu ana njaa. Hapo hufanya nini? Huanza kushuku hadithi. Na baada ya hadithi humshuku aliyempa. Na mwisho, kwa bahati mbaya, aweza kuushuku hata wema wenyewe, akidhani kwamba nao ni hadithi tu. Kitabu kinachosema kweli juu ya maisha hakiharibu mafunzo ya nyumbani. Hukifukua kile kisima ambamo mafunzo yatachotwa. Kijana wa hadithi ya Erin Entrada Kelly huchukua vitu dukani bila kulipa, kwa kuwa hofu ya kesho imemshika na anamhurumia mama yake. Mwandishi hakutuambia kwamba wizi ni mzuri. Ametuonyesha jinsi moyo mwema unavyoweza kupotoshwa na woga, na hilo ni fundisho ambalo hata sisi tulioota mvi hatujalimaliza.

Lakini nisiseme kama mtu aliyekuwa na hekima siku zote. Nakiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilimpa mpwa wangu, msichana wa miaka 11, kitabu cha Katherine Paterson kiitwacho Bridge to Terabithia. Nilikinunua kwa sababu moja tu: kilikuwa na muhuri wa Newbery, ambao kilipewa mwaka 1978. Mimi mwenyewe sikukisoma. Nilimwambia, "Hiki kimesifiwa na wenye elimu," nikarudi kwenye gazeti langu.

Siku ya nne alinijia jioni, macho mekundu. "Mjomba," akasema, "ulijua kwamba atakufa?"

Sikujua. Katika hadithi ile mvulana na msichana wanafanya urafiki na kujitengenezea ufalme wao msituni, ng'ambo ya kijito. Na siku moja, mvulana akiwa safarini, msichana anavuka peke yake, kamba inakatika, naye anakufa. Sikuwa na jibu, na haya ilinishika zaidi kwa sababu mwaka ule ule darasa la mpwa wangu lilikuwa limemzika mwanafunzi mwenzao. Nyumbani tulikuwa tumempeleka mazikoni, tukamvika nguo safi, tukamwambia asilie sana. Tangu siku ile hakuna aliyelitaja jina la yule mtoto mbele yake. Tulidhani kwamba kunyamaza ni kumhurumia.

Nikamwambia tusome pamoja. Tulipofika mahali ambapo mvulana yule anazitupa mtoni rangi alizopewa na rafiki yake, kwa hasira, mpwa wangu aliweka kidole juu ya ukurasa. "Hata mimi nilikasirika," akasema. "Nilimkasirikia kwa kuwa amekufa. Nilidhani ni dhambi, nikanyamaza." Miezi mingapi mtoto huyu alikuwa ameubeba mzigo huo, nasi tulikaa naye meza moja! Tukaendelea kusoma, tukafika mahali ambapo baba wa yule mvulana, mtu mkali asiyezoea kubembeleza, anamfuata mwanawe na kumpakata kama mtoto mdogo. Hapo nami nilijua neno lililonipasa kufanya tangu mwanzo.

Tangu jioni ile nimejifunza mambo mawili. La kwanza, waamuzi wa mwaka 1978 walikuwa wameona vema. Walikuwa wameshika mali ya yatima kwa mikono safi, kwa maana walimkubalia mtoto kusikia habari ya kifo kutoka kwa mtu anayekijua. Wako wazazi wengi katika Marekani waliotaka kitabu hicho kitolewe shuleni. Katika miaka ya 1990 kilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyolalamikiwa mara nyingi zaidi. Na mwandishi wake si mtu asiye na dini: ni binti wa wamisionari, aliyezaliwa China, na mume wake alikuwa mchungaji wa kanisa la Kipresbiteri. La pili, waamuzi walikuwa wamefanya kazi yao, nami sikuifanya yangu. Muhuri ulisema kwamba kitabu ni chema. Haukusema, wala haukuweza kusema, kwamba mpwa wangu asiachwe peke yake nacho. Waamuzi wale hawakumjua mpwa wangu wala kaburi alilosimama kando yake. Mimi nilijua.

Kwa hiyo twaweza kusema kwamba tuzo ni ushahidi, nao ni ushahidi wa watu wenye bidii. Lakini shahidi hawezi kuwa mlezi. Tena shahidi aweza kukosea. Mwaka 1953 kitabu cha E. B. White kiitwacho Charlotte's Web, hadithi ya buibui anayeokoa maisha ya nguruwe na kisha kufa, kilipewa heshima ya pili tu. Nishani yenyewe ikapewa Secret of the Andes cha Ann Nolan Clark. Waulize leo watoto wasomao Kiingereza, hata katika nchi zetu, ni kipi kati ya hivyo viwili wanachokijua. Wema wa kitabu hautengenezwi na muhuri, na chema chajiuza.

Kosa la namna hiyo ni dogo, na wakati umelisahihisha. Liko kosa jingine lililo kubwa zaidi, maana halikuwa kosa la kuonja bali la kutokuona. Mwaka 1923, mwaka wa pili wa nishani, mshindi alikuwa Hugh Lofting na kitabu cha safari za Daktari Dolittle. Katika vitabu vyake Mwafrika amechorwa kama mtu wa kuchekwa, hata baadaye, katika miaka ya 1980, yakatolewa matoleo yaliyoondolewa maneno na picha za aibu. Wale waliompa nishani hawakuwa watu waovu. Naamini walikuwa wakutubi wema, wenye kupenda watoto. Lakini walipomfikiria "mtoto" atakayesoma, mtoto Mweusi hakuwamo katika mawazo yao. Yatima walikuwa wawili, na mdhamini alimhesabu mmoja.

Hali hiyo ilidumu. Ulipofika mwaka 1969, hakuna mwandishi wala mchoraji Mweusi aliyekuwa amepata Nishani ya Newbery wala ya Caldecott. Mwaka ule wakutubi wawili Weusi, Mabel McKissick na Glyndon Greer, walikutana katika mkutano wa wakutubi na kuzungumza juu ya aibu hiyo, na kutokana na mazungumzo yao ikaanzishwa tuzo yenye jina la Coretta Scott King, mjane wa Martin Luther King, aliyeuawa mwaka uliotangulia. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1970. Haikupita miaka mingi, mlango mkubwa nao ukafunguka: mwaka 1975 Virginia Hamilton akawa mwandishi Mweusi wa kwanza kupata Newbery, na mwaka 1976 Leo Dillon, akichora pamoja na mkewe Diane, akapata Caldecott kwa hadithi ya Afrika Magharibi juu ya mbu.

Na hapa, msomaji wangu, sisi wenye lugha hii twapata fungu letu. Muriel Feelings, mwalimu Mmarekani Mweusi aliyepata kufundisha Uganda, alirudi kwao na hamu ya kuwafanya watoto wa watu wake waione Afrika kwa macho ya heshima. Aliandika kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili, Moja Means One, na mumewe Tom Feelings, aliyepata kukaa Ghana, akachora picha. Moja ni mlima Kilimanjaro. Kisha huendelea hata kumi. Mwaka 1972 kitabu hicho kilipewa heshima ya Caldecott. Mwaka 1975 wakaipata tena kwa Jambo Means Hello, kitabu cha alfabeti ya Kiswahili chenye maneno 24, kwa kuwa herufi Q na X hatuna kazi nazo. Fikiri juu ya jambo hilo. Mtoto Mweusi wa Chicago au New York, ambaye mababu zake waliporwa lugha zao, alifungua kitabu chenye muhuri wa taifa lake akakuta moja, mbili, tatu. Yule aliyesahauliwa katika hesabu alifundishwa kuhesabu kwa lugha ya Afrika. Sidhani kama tuzo ya vitabu imepata kufanya kazi njema kuliko hiyo.

Mdhamini mwema, basi, ni yule akubaliye kukaguliwa. Mwaka 2018 wakutubi wa Marekani walibadili jina la tuzo iliyoitwa kwa heshima ya Laura Ingalls Wilder, ambayo yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuipokea mwaka 1954, kwa sababu ya jinsi vitabu vyake vilivyowasema Wahindi Wekundu na watu Weusi. Wengine walinung'unika kwamba marehemu anahukumiwa kwa sheria za leo. Manung'uniko hayo yana uzito, nami sitayapuuza; mtu huandika akiwa ndani ya karne yake. Lakini vitabu vyake havikuchomwa, wala havikuondolewa katika maktaba. Kilichoondolewa ni jina juu ya tuzo, yaani neno la watu wa leo kuwaambia watoto wa leo, "Huyu ndiye kielelezo." Neno hilo ni letu, na sisi ndio tutakaoulizwa.

Wakati huohuo tujihadhari na wivu ulio kinyume chake, wa wazazi wanaodhani kwamba kumlinda mtoto ni kumfungia mlango. Mwaka 2020 Jerry Craft alipata Newbery kwa New Kid, kitabu cha kwanza cha hadithi ya katuni kuipata nishani ile. Ni habari za mvulana Mweusi katika shule ya watoto wa matajiri, wengi wao Weupe. Mwaka 2021 wilaya moja ya shule huko Texas ilikiondoa kwa muda na kuahirisha mazungumzo ya mwandishi na wanafunzi, kwa kuwa baadhi ya wazazi walilalamika kwamba kitawafanya watoto Weupe wajisikie vibaya. Kilipochunguzwa, kilirudishwa. Mzazi ana haki kamili ya kusema juu ya mwanawe, "Huyu bado." Kwa mfano, tuzo ya Coretta Scott King ya mwaka 2025 ilikwenda kwa Jason Reynolds kwa kitabu cha mapenzi ya kijana wa miaka 17, hicho si kitabu cha mtoto wa darasa la nne, na katika nyumba nyingi za Kikristo hata kijana mkubwa hatakisoma bila mazungumzo marefu na wazazi wake. Sawa kabisa. Lakini haki ya kuchunga zizi langu hainipi ruhusa ya kufunga zizi la jirani. Na mzazi asiyekisoma kitabu hana haki hata ya kukilaumu, kama vile mimi sikuwa na haki ya kukisifu kile nilichompa mpwa wangu.

Iko hatari nyingine ya kutajwa, ingawa kwa ufupi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwandishi akijua kwamba waamuzi hupenda hadithi za huzuni, ataandika huzuni. Akijua kwamba hupenda jambo fulani la siku hizi, ataliweka hilo, hata kama mtoto hayupo ndani yake. Kitabu cha namna hiyo chaweza kupata tuzo, na mtoto atakiacha kwenye ukurasa wa kumi. Waamuzi wasiofanya kosa hilo ni wale wanaokumbuka, hata katika chumba chao cha siri, kwamba yuko mtu asiyekuwapo ambaye shauri hili ni lake.

Nasi kwetu je? Tuzo hazikosekani. Kenya ina Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi, iliyoanza mwaka 1974, nayo ina sehemu za vitabu vya watoto na vijana, vya Kiingereza na vya Kiswahili. Tanzania ilianzisha mwaka 2022 Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu. Ilianza na riwaya na ushairi, kisha hadithi za watoto zikaongezwa. Hilo ni jambo la kufurahiwa, maana mtoto anayesomewa kwa lugha anayoiota usiku hupokea kitabu kama chakula cha nyumbani. Lakini kwetu ugumu huanza pale ambapo kwa wengine umekwisha. Katika Marekani, kitabu kikipata muhuri, maktaba ya mtaa hukiweka, na mtoto wa maskini aweza kukiazima bure. Kwetu chaweza kupata tuzo mbele ya wakubwa wa nchi, kikapigiwa makofi, na mtoto wa kijijini asikione maisha yake yote. Sifa za chakula ambacho hakuna mtoto aliyekila ni sifa za nani? Tukiwa wadhamini wa kweli, tutaihesabu tuzo kuwa imetolewa siku ile kitabu kitakapofika shuleni, kikachakaa kwa kupitishwa mkono hata mkono.

Nanyi wazazi, msidhani kwamba maneno haya ni ya serikali na wachapishaji tu. Katika nyumba nyingi za kwetu kuna fedha ya kadi za simu na fedha ya soda ya Jumapili. Fedha ya kitabu husemwa kwamba haipo. Tena kitabu kikipatikana huwekwa kabatini kisichafuke. Nawasihi mambo matatu, nayo si magumu. Kisomeni kitabu kabla ya mtoto, au pamoja naye. Mkisha soma, mwulizeni yeye ameona nini, na mnyamaze mpaka amalize. Na akisema kwamba kitabu chenye muhuri hakikumpendeza, msimkemee. Huenda amewapa ninyi na waamuzi pini ya upande mweusi, na huenda mmeistahili.

Wazee walisema pia kwamba yatima hakui polepole. Mwenye mali yake ndiye asiyemwona akikua. Siku moja huja amesimama mlangoni, kimo chake sawa na chako, na kusema, "Baba mdogo, nimekuja kuhesabu." Watoto tunaowachagulia vitabu leo watatujia hivyo. Hawatauliza ni vitabu vingapi vyenye dhahabu tuliviweka kabatini. Watauliza kama tuliwaambia kweli, kama tuliwahesabu wote, na kama jioni ile walipotujia na macho mekundu tuliweka gazeti chini.